Jasho na Mizani: Historia ya Uzito wa Bondia wa Ridhaa baina ya Pambano na Pambano

Mizani ni neno la zamani katika Kiswahili. Lilifika pwani pamoja na biashara, likifuatana na wakia, ratili na frasila, na kazi yake ilikuwa kupima bidhaa: pembe, karafuu, nta, shaba. Mwili wa mtu aliye hai haukuingia katika hesabu hiyo. Mtu aliitwa mnene au mwembamba, mzito au mwepesi, na jicho la mtazamaji lilitosha kuwa hakimu. Kwa hiyo mchezo wa ngumi wa Kizungu ulipoingia Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, ulileta jambo moja lililokuwa geni kuliko glavu zenyewe. Kijana mwenye afya yake alitakiwa avue nguo, apande juu ya mizani mbele ya mashahidi, na akubali kuwa namba inayosomwa pale ndiyo itakayoamua atapigana na nani, au kwamba hatapigana kabisa.

Wataalamu wa lugha watatambua ya kuwa Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili. Uzito limetokana na -zito, mzizi wa Kibantu wenye maana pana: mzigo mzito, neno zito, usingizi mzito. Uzani limetoka Kiarabu, katika shina lile lile lililozaa mizani, na maana yake ni nyembamba zaidi, yaani kiasi kinachojulikana baada ya kupima. Waandishi wa habari za michezo wa Kenya aghalabu hupenda uzani. Wale wa Tanzania hupenda uzito. Matumizi yote mawili ni sahihi, lakini tofauti ya asili ina manufaa katika mjadala huu. Uzito ni kile alicho nacho bondia anapolala usiku. Uzani ni kile anachodaiwa asubuhi. Historia ya bondia wa ridhaa, yule asiyelipwa, ni kwa sehemu kubwa historia ya juhudi za kuvipatanisha vitu hivyo viwili, tena si mara moja, bali kila baina ya pambano na pambano.

Wengi hudhani kwamba mizani ndiyo iliyowafundisha wapigana ngumi kujikondesha. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Jasho lilitangulia mizani.

Katika Uingereza ya karne ya 18 ngumi zilipiganwa kwa mikono mitupu, kwa fedha, na bila makundi ya uzito. Kanuni za Jack Broughton za mwaka 1743 zilieleza namna ya kumtendea mtu aliyeanguka. Juu ya uzito hazikusema neno. Daniel Mendoza, aliyekuwa na ratili 160 hivi, alihesabiwa bingwa wa nchi nzima katika miaka ya 1790, na waliopigana naye walikuwa mara nyingi watu wakubwa kuliko yeye. Mwaka 1795 alishindwa na John Jackson, aliyemzidi kimo na uzito, na hakuna aliyeona ajabu kwamba wawili hao walikutanishwa.

Hata hivyo, ilipofika mwaka 1811 Tom Cribb alikondeshwa kwa ukali ambao bondia wa leo angeutambua mara moja. Aliyemfundisha alikuwa Kapteni Barclay, Mskochi aliyepata sifa mwaka 1809 kwa kutembea maili 1,000 kwa saa 1,000. Waingereza hupima miili yao kwa kipimo kiitwacho stone, yaani jiwe, chenye ratili 14. Cribb alifika kwa mwalimu wake akiwa na mawe 16, ambayo ni ratili 224. Baada ya majuma kadhaa alikuwa amekaribia ratili 190. Njia za Barclay zilielezwa na Walter Thom katika kitabu cha mwaka 1813. Kwanza mwanafunzi alipewa chumvi ya kuharisha. Kisha alikimbia maili kadhaa akiwa amevaa nguo nzito za sufu, akarudi na kunyweshwa kinywaji cha moto kilichopikwa kwa mbegu za viungo, akalazwa chini ya mablanketi mpaka jasho limtiririke. Chakula kilikuwa nyama ya ng'ombe na mkate mkavu, kinywaji kilikuwa bia ya zamani, na maji yalipunguzwa sana.

Jambo la kuangalia ni kwamba hapakuwa na mizani iliyokuwa ikimngoja Cribb uwanjani. Alikondeshwa ili asiishiwe pumzi, na kwa sababu waganga wa zama zile waliamini kuwa jasho na kuharisha huutakasa mwili. Tom Molineaux, Mwamerika Mweusi aliyekaribia kumshinda mwaka 1810, hakupata mwalimu wa namna hiyo. Walioandika habari za pambano la tarehe 28 Septemba 1811 walisema ya kuwa asubuhi ile alikula kuku na pai ya tufaha na kunywa bia. Alishindwa upesi. Hadithi ya kuku yule ilipendwa mno na Waingereza, labda kupita haki yake, kwa maana iliwawezesha kusema kwamba mgeni ameangushwa na tumbo lake mwenyewe.

Mizani yenyewe ilikuwa mali ya watu wengine, nao ni wapanda farasi wa mashindano. Hao walipimwa kwa sababu ya farasi, na walijua siri za jasho tangu zamani. Sir John Sinclair, katika kitabu chake cha mwaka 1807 juu ya afya na maisha marefu, alikusanya pamoja habari za mazoezi ya wapanda farasi na za wapigana ngumi. Majina ya makundi yamehifadhi udugu huo. Unyoya lilikuwa jina la uzito mdogo kabisa wa mpanda farasi kabla halijawa la bondia, na welter lilikuwa jina la mpanda farasi mzito. Bantam ni mji wa Java uliowapa Wazungu jina la kuku wadogo. Mfasiri wa Kiswahili aliweza kuhamisha unyoya na nzi bila taabu. Alipofika kwa bantam na welter alisimama, na maneno hayo yakaingia kama yalivyo. Huenda alifanya vema, maana ni vigumu kumpata bondia wa Temeke au wa Mathare ambaye angekubali kutangazwa ulingoni kwa jina la kuku.

Makundi ya uzito yalipata nguvu pamoja na ngumi za ridhaa. Mwaka 1867, mwaka ule ule wa kanuni ziitwazo za Queensberry, ambazo kwa kweli ziliandikwa na John Graham Chambers, yalifanyika London mashindano ya wasiolipwa yenye makundi 3 tu: wepesi, wa kati na wazito. Chama cha Ngumi za Ridhaa cha Uingereza kiliundwa mwaka 1880, na katika mashindano yake ya kwanza, mwaka 1881, makundi yalikuwa 4. Kikomo cha unyoya kilikuwa ratili 126, cha wepesi 140, cha kati 158, na juu ya hapo kila mtu aliingia. Nia ilikuwa haki, na haki hiyo haikuwa ya bure. Mtu wa ratili 132 alikuwa na njia mbili: kupigana na watu wa ratili 140, au kuzitoa ratili 6 mwilini mwake. Hapo ndipo jasho la Barclay lilipopata kazi mpya. Zamani lilitafutwa kwa ajili ya pumzi. Sasa lilitafutwa kwa ajili ya namba. Ukubwa wa pengo baina ya kundi na kundi ndio uliokuwa kishawishi, na jambo hili litarudi mwishoni.

Katika Olimpiki ngumi ziliingia mwaka 1904, huko St. Louis. Oliver Kirk wa Marekani alishinda makundi 2 katika mashindano yale yale, bantam ya ratili 115 na unyoya ya ratili 125, na hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika Olimpiki moja. Mwaka 1908 mashindano yote ya London yalikwisha kwa siku 1, tarehe 27 Oktoba. Bondia wa siku ile alikuwa na deni moja tu kwa mizani. Alipolilipa aliweza kula na kunywa, na kilichobaki kilikuwa kupigana.

Mashindano yalipozidi kuwa marefu, deni hilo liligeuka kuwa la kila mara. Kanuni ya ridhaa iliyokuja kutumika ni kwamba wote hupimwa siku ya kufungua, na baada ya hapo kila bondia hupimwa tena asubuhi ya kila siku anayopigana. Kundi alilosajiliwa siku ya kwanza halibadiliki. Akizidi kikomo siku ya tano, hahamishiwi kundi la juu, anatoka. Mizani iliyokuwa mlango ikawa hakimu aliyeketi siku zote.

Hakuna kisa kinacholieleza jambo hili kuliko kile cha Berlin, mwaka 1936. Vitabu vya historia ya Olimpiki husimulia ya kuwa Thomas Hamilton-Brown wa Afrika ya Kusini, bondia wa uzani mwepesi, alitangazwa kuwa ameshindwa katika pambano lake la kwanza. Akijua ya kuwa kazi yake imekwisha, alikwenda kula chakula alichokuwa amejinyima kwa muda mrefu. Baadaye ikagunduliwa kwamba alama za mwamuzi mmoja zilihesabiwa vibaya, na kwamba mshindi ni yeye. Alipopatikana, alikuwa amezidi kikomo kwa ratili 5 hivi. Walijaribu kuzitoa, wakashindwa, naye akaondolewa mashindanoni. Mtu huyu hakushindwa na bondia, wala kosa la alama halikuwa lake. Aliondolewa na mlo wa jioni 1.

Ili kuelewa kwa nini ratili 5 hupatikana kwa siku moja na hazitoki kwa siku moja, yafaa kutazama mwili wenyewe. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mafuta ya mwili hayayeyuki kwa siku mbili. Kilo 1 ya mafuta hubeba nguvu ya kalori zaidi ya 7,000, kiasi ambacho mtu wa kawaida hutumia kwa siku 3 hivi. Kwa hiyo kinachopanda na kushuka baina ya pambano na pambano si mafuta bali ni maji, pamoja na chakula kilichomo matumboni. Sukari inayohifadhiwa katika misuli na ini huambatana na maji, gramu 1 kwa gramu 3 hivi. Bondia aliyejinyima wanga kwa siku kadhaa, akila sahani ya wali au ugali baada ya pambano, hurudisha sukari na maji yake kwa pamoja, na chumvi ya mchuzi huyazuia maji yasitoke. Asubuhi mizani humwonyesha amenenepa, naye hakunenepa. Kwa upande mwingine, mtu aliyelala usingizi hupoteza nusu kilo au zaidi kwa pumzi, jasho na mkojo, na ndiyo maana bondia mzoefu hujipima kabla ya kulala na hujua atakavyoamka.

Ufundi wa kweli, basi, ni wa hesabu. Anayekaa mwaka mzima karibu na kikomo chake, tuseme kilo 1 au 2 juu yake, anaweza kula mara 2 au 3 kwa siku katikati ya mashindano, akipunguza chumvi na vyakula vinavyokaa sana tumboni. Anayekaa kilo 6 juu yake hana njia ila ukame. Upungufu wa maji unaofikia sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili hutosha kupunguza uwezo wa kustahimili kazi ndefu. Kwa mtu wa kilo 51, hiyo ni kilo 1 tu. Tena muda wa kurudisha maji baada ya kupimwa ni wa saa chache, kwa sababu pambano ni siku ile ile. Bondia wa kulipwa, ambaye tangu miaka ya 1980 aghalabu hupimwa siku moja kabla, huweza kuurudia uzito wake usiku kucha na kupanda ulingoni akiwa na kilo kadhaa kupita kikomo. Wa ridhaa hana usiku huo. Kanuni yake ni kali zaidi, nayo ni ya kweli zaidi, maana humlazimisha mtu kuwa karibu na kile anachosema kuwa ndicho.

Shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa, AIBA, liliundwa mwaka 1946. Katika Olimpiki ya 1948 vikomo viliwekwa kwa kilo kamili badala ya ratili, na mwaka 1952 makundi yakaongezwa kutoka 8 kuwa 10. Faida ya nyongeza ile ilionekana mara moja. László Papp wa Hungaria alikuwa bingwa mwaka 1948 katika uzani wa kati wa kilo 73. Lilipoanzishwa kundi jipya la kilo 71 alishuka hapo, akashinda mwaka 1952 na tena mwaka 1956. Pengo la kilo 2 ni pengo ambalo mtu mzima aweza kulivuka bila kujiumiza.

Mabondia wa Afrika ya Mashariki waliingia katika historia hii wakati makundi yalikuwa mengi na mashindano yalikuwa marefu. Huko Mexico mwaka 1968 ngumi zilianza tarehe 13 Oktoba zikaisha tarehe 26. Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba katika uzani wa unyoya, kilo 57, na pia kombe la Val Barker linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote. Leo Rwabwogo wa Uganda alipata shaba katika uzani wa nzi, kilo 51, na Eridadi Mukwanga, wa Uganda pia, akapata fedha katika bantam, kilo 54. Miaka 4 baadaye, huko München, Waruinge alipata fedha katika kilo 57 zile zile, na Rwabwogo akapata fedha katika kilo 51 zile zile.

Waandishi wameisifu mikono ya watu hawa, na haki yao. Lakini kuna sifa ambayo haikuandikwa sana: miaka 4 ya ujana, wakati ambapo mwili wa mwanamume huelekea kukomaa na kuongezeka, iliwakuta mahali pale pale pa mizani. Jambo hilo halifanywi kwa siku 2 za jasho. Na mwaka ule wa 1972 ulikuwa na mtihani ambao hakuna mwalimu aliyeutazamia. Baada ya shambulio la tarehe 5 Septemba dhidi ya wanamichezo wa Israeli, michezo ilisimamishwa, na ratiba yote iliyobaki ikasogezwa mbele kwa siku 1. Mbele ya msiba ule njaa ya bondia ni jambo dogo. Hata hivyo, kwa mtu anayeyahesabu maji yake kwa vikombe, siku moja iliyoongezwa ilikuwa siku moja zaidi ya kujizuia.

Wengine walifuata katika makundi yao. Titus Simba wa Tanzania alipata fedha katika uzani wa kati, kilo 75, katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 katika welter, kilo 67. Michael Yombayomba wa Tanzania alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur mwaka 1998 katika bantam, kilo 54. Kwa bondia Mwislamu palikuwa na hesabu ya ziada kila mwezi wa Ramadhani ulipoangukia msimu wa mashindano, kama ilivyokuwa katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na ya London mwaka 2012. Aliyefunga alipimwa asubuhi, akapigana mchana au jioni, na maji aliyoyapoteza hakuweza kuyarudisha mpaka futari. Wengine waliahirisha saumu kwa sababu ya safari, na sheria imewapa ruhusa hiyo.

Hatari ya njia za mkato ilionekana katika mchezo ulio ndugu wa ngumi. Mwishoni mwa mwaka 1997 vijana 3 wa vyuo vya Marekani walikufa, katika muda wa majuma machache, walipokuwa wakijitoa jasho kwa ajili ya mashindano ya mieleka. Mwaka uliofuata vyuo vilipiga marufuku vyumba vya joto na mavazi ya mpira, na saa ya kupima ikasogezwa karibu na saa ya kupigana. Dawa za kukojoza nazo zimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, ingawa hazimwongezei mtu nguvu hata kidogo. Zimekatazwa kwa sababu huidanganya mizani, na kwa sababu huweza kuficha dawa nyingine katika mkojo.

Wanawake walipoingia katika ngumi za Olimpiki mwaka 2012, walipewa makundi 3 tu: kilo 51, 60 na 75. Mary Kom wa India, aliyekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa katika kilo 46 na 48, alilazimika kufanya kinyume cha kile ambacho mabondia wamekifanya tangu Cribb. Alijiongeza mpaka kundi la kilo 51, akapata shaba. Na mwaka 2024 huko Paris mwanamieleka Vinesh Phogat, wa India pia, alipita mizani ya kilo 50 siku ya kwanza, akashinda mara 3, akastahili fainali. Asubuhi ya siku ya pili, baada ya usiku mzima wa kujitoa jasho na hata kukata nywele, alikutwa amezidi kwa gramu 100, akaondolewa.

Katika Paris hiyo hiyo makundi ya ngumi ya wanawake yalikuwa 6. Jumla ya makundi ya ngumi katika Olimpiki imebaki 13 tangu 2012, kwa hiyo kila nafasi waliyopata wanawake ilitolewa kwa wanaume, ambao wameshuka kutoka makundi 10 hadi 8, na kisha 7. Wanaume wa Paris walikuwa na kikomo cha kilo 57, na kinachofuata kilikuwa kilo 63.5. Kundi la kilo 60, lililoanzishwa mwaka 1952, halikuwapo. Kilo 57 ni ratili 126 kasoro kidogo, na kilo 63.5 ni ratili 140: vikomo vile vile vya London ya mwaka 1881. Bondia wa ratili 132 alisimama tena pale alipokuwa amesimama miaka 143 kabla yake.